Kwa Nini Watu Huandika? Kumbukumbu kutoka Iringa na Mbeya



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, alinijia kijana mmoja wa parokia yetu hapa Mbeya. Ni kijana mpole, amemaliza kidato cha sita, na kwa sasa yupo nyumbani akiwasaidia wazazi wake shambani huku akingoja kwenda chuo. Alisubiri mpaka wale waliotaka kubarikiwa rozari na wale waliokuja kuandikisha nia za Misa walipokwisha kuondoka, ndipo akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hadithi aliyoiandika kwa mkono, kurasa arobaini na kitu. Akaniambia, "Padre, ndoto yangu ni kuwa mwandishi. Nifanyeje?" Alimtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na nilivyomtazama usoni nilitambua kwamba jina hilo limekwisha kumkosesha usingizi mara nyingi.

Nilimjibu kama tunavyojibu sisi mapadre tukiwa na haraka ya kwenda kigangoni: asome sana, aandike sana, asikate tamaa. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Usiku dhamiri ikanisuta. Kijana aliniuliza namna ya kuwa mwandishi, nami sikumrudishia swali lililo kubwa kuliko lake, yaani kwa nini mtu aandike. Tena si mara yangu ya kwanza kumjibu vibaya mtu aliyenijia na maandishi mkononi. Habari ya huyo wa kwanza nitaieleza mbele, maana ndiyo iliyonifanya nichague jambo hili kwa tafakari ya juma hili. Lakini kwanza niruhusuni tupitie pamoja historia ya nchi yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini, tuone ni nani walioshika kalamu na walishika kwa sababu gani.

Tuanze na Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wahehe lilikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1894, Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga. Mtwa Mkwawa hakusalimu amri. Alipigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, hata tarehe 19 Julai 1898 alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi ili adui asimkamate akiwa hai. Hayo kila mtoto wa shule anayajua. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyetangulia kuyaandika.

Mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa kuhusu maisha ya Iringa kiliandikwa na mwanamke Mjerumani, Magdalene von Prince, mke wa Tom von Prince, yule ofisa aliyemwinda Mkwawa. Mama huyu aliishi Iringa katika miaka ileile ya msako, akiandika shajara, na mwaka 1903 maandishi yake yakatoka kama kitabu huko Ujerumani. Mwaka 1908 akafuata Kapteni Ernst Nigmann, mkuu wa jeshi la Kijerumani pale Iringa, na kitabu kizima kuhusu Wahehe. Mwaka 1914 Tom von Prince naye akatoa cha kwake juu ya vita vyake. Kwa hiyo, katika muda wa miaka kumi na sita tangu kifo cha Mkwawa, upande ulioshinda ulikwisha kuwa na vitabu vitatu. Upande ulioshindwa ulikuwa na nyimbo za maombolezo, majigambo, na masimulizi ya wazee jioni kando ya moto.

Sisemi kwamba vitabu hivyo ni vya uongo mtupu. Wanahistoria wanavitumia mpaka leo, na mengi tusingeyajua bila hivyo. Ninachosema ni kwamba mwandishi huona kile kinachoonekana kutoka mahali alipoketi. Aliyeketi ndani ya boma la washindi aliona hali ya hewa ya milimani, watumishi, wafungwa, na akida aliyekuja kusalimu amri. Mama wa Kihehe aliyejificha porini na mtoto mgongoni, akimziba mdomo asilie askari wasije wakasikia, hakuwa na shajara. Naye alikuwa na historia, tena nzito kuliko ya yule mwingine, ila alikwenda nayo kaburini.

Hata hivyo kuna jambo la ajabu katika habari hiyohiyo ya Mkwawa, nalo linatuonyesha nguvu ya mstari mmoja ulioandikwa. Baada ya kifo chake kichwa kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa makubwa yalikutana Ufaransa na kuandika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kati ya mamia ya vifungu vya mkataba ule, kipo kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani kurudisha fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita. Ikapita miaka sita, ikapita thelathini. Lakini kwa kuwa jambo lilikuwa limeandikwa, halikuweza kufa. Gavana Edward Twining alilifuatilia, na tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, fuvu lililoaminiwa kuwa la Mtwa lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Kama pasingekuwa na kile kifungu, nani angelikumbuka kulidai? Mtu ambaye hakuacha mstari mmoja wa mkono wake alirudishwa nyumbani, kwa sehemu, na mstari mmoja ulioandikwa na wengine.

Sasa tuvuke kuja huku kwetu Mbeya. Pale Utengule katika nchi ya Usafwa, ndugu zetu Wamoravia walikuwa na misheni, na kati ya wamisionari wao alikuwepo mama aitwaye Elise Kootz-Kretschmer. Alijifunza Kisafwa, akakaa na watu, na katika miaka ya 1920 akachapisha kazi kubwa juu ya Wasafwa. Lakini kazi yake inayonigusa zaidi mimi ni ndogo kuliko hiyo. Alikaa na watu waliokuwa wamepitia utumwa katika nchi zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wengi wao wanawake, akawasikiliza wakisimulia maisha yao, akayaandika. Mmoja wao alikuwa bibi aliyeitwa Narwimba. Wengi wa wanawake wale walitekwa, wakapita katika mikono ya mabwana mbalimbali, wakatenganishwa na watoto, wakatafuta ulinzi popote palipopatikana. Masimulizi yao yalitoka kwanza kwa Kijerumani, na miongo mingi baadaye mwanahistoria Marcia Wright wa Marekani akayafufua katika kitabu alichokitoa mwaka 1993.

Fikirini, wapendwa. Katika miaka ile wapo machifu na matajiri wa nchi hizi ambao majina yao yamepotea kabisa, na bibi aliyekuwa hana kitu, ambaye thamani yake katika macho ya wafanyabiashara ilihesabiwa kwa vitambaa na shanga, anasomwa leo katika vyuo vikuu. Sababu ni kwamba jioni fulani mtu mmoja aliketi karibu naye, akaacha kazi nyingine, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika. Mwanzoni mwa maandishi mengi mema kuna sikio lililotega.

Mpaka hapo mtaona kwamba mkono unaoshika kalamu ni wa mgeni. Mambo yalianza kubadilika shule zilipoenea. Misheni za Kikatoliki, kuanzia Wabenediktini walipofika Tosamaganga mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na baada yao Wamisionari wa Consolata waliofika Iringa mwaka 1919, zilifundisha watu kusoma kwanza kwa ajili ya katekisimu. Lakini mtu akishajua kusoma, hakuna awezaye kumzuia asiandike. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Mambo Leo, na humo walimu, makarani na wakulima wa bara na pwani wakaanza kupeleka mashairi yao, habari za wilaya zao na maswali yao. Wengi wao hawakuwahi kujiita waandishi. Walikuwa na jambo la kusema, na stempu ya kutumia barua.

Katika kundi hilo la makarani alitoka Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Sote tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili, lakini tusisahau kwamba sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa ofisi za serikali, akiandika katika muda uliobaki baada ya kazi. Mke wake Amina alipofariki, alibaki na watoto. Aliwaandikia tenzi mbili za mausia: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Binti yule aliitwa Mwanjelwa, jina ambalo sisi wa Mbeya tunalisikia kila siku kwa sababu ya soko letu. Basi safari nyingine mkipita Mwanjelwa kununua mchele au vitenge, mkumbukeni pia yule binti wa Tanga, na baba yake aliyeketi usiku kwenye taa akimwandikia mtoto aliyefiwa na mama. Hakuwa akiutafuta ukubwa wa jina. Alikuwa anaziba pengo ndani ya nyumba yake, na taifa zima likapata kusoma.

Mwingine ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki mwenzetu, aliyeishi kati ya 1917 na 1969. Alikuwa mwalimu, kisha mtumishi wa serikali. Mwaka 1954 ilitoka historia aliyoiandika ya mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 wachapaji wa misheni ya Ndanda walitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, ambamo aliisimulia Injili kwa vina na mizani, na miaka miwili baadaye Utenzi wa Zaburi. Mtu mmoja aliandika juu ya mababu zake na juu ya Bwana wake, wala hakuona kwamba moja linamzuia lingine.

Lakini kama ningeambiwa nimchague mmoja tu wa kumsimulia yule kijana wetu, ningemchagua Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896. Alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, kisha Seminari ya Rubya huko Bukoba kwa karibu miaka kumi, akijifunza Kilatini na masomo mengine ya kipadre. Hakufikia upadre. Alitoka mwaka 1919, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara huko Mwanza, na baadaye akarudi nyumbani kuwahudumia wamisionari. Mungu aliwajalia watoto, na wote walifariki wangali wadogo. Katika kijiji cha Kiafrika cha nyakati zile, kila mmoja wenu anajua maana ya nyumba isiyo na mtoto, na maneno yanayosemwa nyuma ya mgongo wa mume na mke.

Mtu huyu akaandika riwaya ndefu sana kwa lugha yake ya Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, walioishi kabla ya kuja Wazungu, na ambao hawakuwa na mtoto. Ndugu wanaingilia kati, mke anachukuliwa na wazazi wake, mume anakwenda kuwaangukia wakwe zake amrudishe, wanahangaika kwa mganga, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume na wa kike. Humo ndani Kitereza aliweka kila kitu alichohofia kitasahaulika: jinsi ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kutibu, kusalimiana, kuzika. Alimaliza muswada wake mwaka 1945.

Kisha akangoja. Padre Almas Simard, mmisionari aliyemtia moyo, aliutafsiri kwa Kifaransa, akajaribu kuutafutia mchapishaji, akafariki kabla ya kufanikiwa. Wachapishaji hawakutaka kitabu kirefu cha lugha ya kisiwa kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe watafiti Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, nao wakamshauri akitafsiri kwa Kiswahili ili kisomwe na wengi. Mzee yule, akiwa amepita umri wa miaka sabini, akaketi akaanza upya, akakiandika chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ikakitoa kikiwa na tarehe ya mwaka 1980, kwa vitabu viwili. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia. Miaka thelathini na sita alingoja, na hakukishika kitabu chake mkononi.

Sasa nawaulizeni: huyu alifanikiwa au alishindwa? Kama ndoto ya uandishi ni kuona jina lako juu ya jalada, kupigiwa makofi na kulipwa, basi alishindwa vibaya. Lakini kitabu kipo. Kimetafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Watu wasiowahi kukanyaga Ukerewe wanajua jinsi mume wa Kikerewe alivyokwenda kumwomba mkewe arudi nyumbani. Mtu aliyezika watoto wake wote ameacha kizazi.

Na huku kwetu? Mbegu iliota pia. Mwaka 1968 East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 kuwasaidia waandishi wa Afrika Mashariki, lilichapisha kitabu cha Michael Musso kiitwacho Mukwava na Kabila Lake. Tangu Magdalene von Prince mpaka hapo ni miaka sitini na mitano. Hatimaye habari za Mkwawa zilisimuliwa kwa Kiswahili, katika kitabu ambacho mjukuu angeweza kumsomea babu yake. Mwaka 1977 Claude Mung'ong'o alitoa riwaya ya Mirathi ya Hatari, yenye mazingira ya Njombe, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Ni habari ya kijana anayeachiwa na baba yake urithi wa uchawi. Hapo tunaona hatua nyingine. Musso aliandika ili urithi usipotee, na Mung'ong'o aliandika ili kuuliza kama kila urithi unastahili kupokewa. Jamii inayojiandika yenyewe inahitaji wote wawili, anayehifadhi na anayehoji, na sisi Wakristo tusiogope huyo wa pili.

Hata Gurnah, anayemkosesha kijana wetu usingizi, si habari ya tuzo tu. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza kama mgeni, na huko upweke na kumbukumbu za nyumbani vikamsukuma kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Tuzo ilikuja miaka thelathini na minne baadaye. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwahidi kitu, naye aliendelea kuandika.

Nimefika sasa kwenye ile habari yangu niliyoiahidi.

Kabla wakubwa wangu hawajanihamishia Mbeya, nilikuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya vijijini huko Iringa. Kigango kimoja kilikuwa na katekista mzee, aliyekwisha kustaafu, lakini bado alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kuondoka. Siku moja, wakati wa baridi ya mwezi wa Juni, alinijia akiwa amevaa koti lake la siku zote, na chini ya koti alikuwa ameficha madaftari matatu ya shule yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kama alivyozoea, kisha akasema, "Baba Padre, naomba unisomee haya, unisahihishie Kiswahili changu cha darasa la nne. Halafu uniambie kama yanafaa kuwekwa ofisini parokiani."

Nilifungua la juu, nikasoma kurasa chache akiwa amesimama. Ilikuwa habari ya utoto wake, jinsi alivyokuwa akitembea na wenzake kwenda mafundisho Tosamaganga, wakilala njiani kwa watu wasiowajua. Ukurasa uliofuata ulikuwa orodha ya majina. Mwaka mmoja surua iliingia kijijini, ikaondoka na watoto wengi, na yeye, aliyewafundisha katekisimu na kuwaongoza maziko yao wote, alikuwa ameandika jina la kila mtoto, jina la baba, jina la mama, na kitu kimoja alichokumbuka juu ya mtoto huyo. Huyu alipenda kuimba. Huyu alikuwa na mbuzi wake. Huyu alikuwa anajua Sala ya Malaika wa Bwana yote kabla hajatimiza miaka mitano.

Nilimwambia, kwa utani wa kumfurahisha, "Mzee, kumbe wewe ni mwandishi!" Hakucheka. Alisema, "Mimi si mwandishi, Padre. Ila nikifa mimi, watoto hawa watakuwa wamekufa mara ya pili."

Nikamwomba aende nayo nyumbani, kwa kuwa nilikuwa na safari ya semina, na nikamwahidi kuyafuata nikirudi. Nilirudi. Kulikuwa na ujenzi wa kanisa, kulikuwa na Kipaimara, kulikuwa na mambo. Kila nilipofika kigangoni alinitazama, wala hakunikumbusha, maana wazee wa kule hawamdai padre. Ukapita mwaka. Akaugua siku chache, nikampaka mafuta ya wagonjwa, akafariki. Majuma kadhaa baada ya maziko nikakumbuka, nikaenda kuuliza. Wajukuu, ambao hawakujua chochote, walikuwa wamekwisha kuyamaliza. Lilikuwa juma la mvua, kuni zilikuwa mbichi, na karatasi kavu ndiyo iliyowasha moto. Sikuweza kumlaumu mtu yeyote. Aliyeambiwa thamani ya madaftari yale alikuwa mmoja tu, naye ni mimi.

Katika ile orodha ya watoto, leo ninakumbuka jina la mmoja. Wengine nimewapoteza. Kila mwaka siku ya Marehemu Wote huwa ninawaombea bila majina, na ninajua kwamba Mungu anawajua, lakini pia ninajua kwamba mimi nilipewa nafasi ya kuwajua nikaiacha.

Katika Maandiko ipo habari inayonifariji na kunichoma kwa pamoja (Yer 36). Nabii Yeremia alimsimulia karani wake Baruku maneno yote aliyopewa, na Baruku akayaandika katika gombo kwa wino. Mfalme Yehoyakimu, akiwa ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, alikuwa akikata kila kipande kilichokwisha kusomwa na kukitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Yeremia na Baruku hawakukaa kulia. Walichukua gombo jingine, wakaandika upya yote yaliyoungua, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Sote tunamkumbuka nabii, ni wachache wanaomkumbuka karani. Lakini bila Baruku, moto wa mfalme ungekuwa na neno la mwisho.

Tofauti yangu na Baruku ni kwamba yule aliyenisimulia amekwisha kulala. Gombo la katekista wangu haliwezi kuandikwa upya. Ninachoweza ni kuzuia magombo mengine yasiungue.

Kwa hiyo, kijana wangu, najua utasoma haya, na hili ndilo jibu nililopaswa kukupa Jumapili. Usianze kwa kuuliza utakuwaje mwandishi. Anza kwa kuuliza ni nani au ni nini kitakufa mara ya pili usipoandika. Shaaban Robert alikuwa na Mwanjelwa. Kitereza alikuwa na nyumba iliyonyamaza na kabila lililoanza kusahau. Narwimba hakujua kuandika, lakini alikuwa na mambo yasiyostahili kuzikwa naye. Ukishampata huyo wako, utavumilia barua za kukataliwa, utavumilia kungoja, na siku jina lako lisipotokea popote hutaona kwamba umedanganywa. Usipompata, hata tuzo haitakusaidia. Hadithi yako nimekwisha kuisoma yote, usiku uleule. Sehemu ya bibi yako na shamba la kahawa ni ya kweli. Ile sehemu ya mjini umeiandika kwa sababu umedhani waandishi huandika hivyo. Njoo Jumatano jioni tuzungumze. Safari hii sina safari.

Na kwenu nyote, waamini wangu. Sisi mapadre tunalazimishwa na Kanisa kuandika, maana Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Ndiyo maana katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya jina la babu yako liliandikwa kwa mara ya kwanza maishani mwake katika kitabu cha ubatizo, na mkono wa padre asiyejua hata kulitamka vizuri. Lakini kitabu cha ubatizo kina mistari michache tu. Hakisemi alipenda kuimba. Hayo mnayajua ninyi.

Mwezi wa Novemba unakuja, nanyi mtaniletea bahasha zenye majina ya marehemu wenu, kama kila mwaka. Nimekuwa nikiona kwamba miaka inavyokwenda orodha zinazidi kuwa fupi, na chini yake mnaandika "na marehemu wote wa ukoo." Nitawaombea wote, msiwe na wasiwasi. Lakini mwaka huu nawaomba jambo moja. Kanunueni daftari moja kubwa dukani, lile gumu la jalada nene. Kaeni na mzee mmoja wa familia aliye hai, mumsikilize mpaka mwisho, muandike: majina, walikotoka, nani wa kwanza kubatizwa, mwaka wa njaa waliishije, nani alikufa mtoto na alikuwa mtoto wa namna gani. Kiswahili kisipokuwa sanifu hakuna neno. Mkikosa pa kuliweka, lileteni ofisini. Nimekwisha kuondoa vitu kwenye kabati lenye kufuli, na rafu mbili za juu ni za madaftari yenu.

Mungu awabariki nyote, na marehemu wetu wapumzike kwa amani. Amina.